Jiwe Lenye Vyumba

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikaanga unga wa jiwe. Niliuweka kwenye kikaango cha chuma juu ya jiko la mkaa, nikaugeuza kwa mwiko muda mrefu, kisha nikaumimina ungali wa moto ndani ya kopo la maziwa ya unga na kulifunga upesi. Hewa ya Mtwara ina unyevu mwingi, na jiwe lile huunywa bila kukaribishwa. Kesho yake niliupima kwenye mizani ndogo. Wakulima wa mikorosho tunaowafundisha hawana tanuri la maabara, nami nilitaka kujua kama kikaango kinatosha kuukausha.

Asubuhi ile niliwasha mizani, nikanyoosha mkono kwenye dirisha la jikoni kuchukua kopo la jana. Halikuwepo. Hapohapo ukelele ukatoka uani.

"Yuu! Witinesi! Njoo uone maajabu ya Domingo!"

Aliyeniita ni Mama Marlene, mwenye nyumba wangu. Jina lake ni Lucinda, Mmakua ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakiwa vijana. Mumewe, Jaime, alifariki, na binti yake, Marlene, ameolewa hukohuko ng'ambo. Katika nyumba ile ya mtaa wa Rahaleo tulikuwa wawili tu, vyumba vingine vimefungwa. Tulisalimiana asubuhi na jioni, basi. Mimi si mwongeaji. Mtu akiniuliza jambo namjibu kwa neno moja, halafu naingia chumbani na kulitunga lile jibu refu nililotaka kumpa.

Ndivyo ilivyokuwa Jumapili. Mkuu wangu wa kazi, Isaya, alikuwa ameniambia nichague: nirudi Arusha, karibu na wazazi wangu, au nibaki Mtwara niendelee na wakulima. Angenipigia Jumatano asubuhi apate jibu. Nilipomgusia Mama Marlene, aliniuliza, "Utaondoka, si ndiyo?" Nikasema, "Nadhani." Akasema, "Haya," akaingia ndani na kufunga mlango. Nikaelewa kwamba anakitaka chumba chake.

Sasa ilikuwa Jumatano.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, bakuli mapajani, shavu moja limepakwa uji mweupe. Nikajua kilichotokea. Wanawake wa Kimakua hujipaka msiro usoni, mti unaosagwa kwa maji, hasa siku yenye jambo. Domingo, anayevusha bidhaa mpakani pale Kilambo, alikuwa amemwahidi msiro wa unga, uliokwisha kusagwa. Mama Marlene alipoona kopo la unga mweupe dirishani, akaamini Domingo kapita alfajiri.

"Msiro gani huu unaojipasha moto wenyewe?" alisema. "Nimetia maji ya mtungi, ya baridi kabisa, umepata moto mkononi mwangu!"

"Mama, huo si msiro. Nawa, tafadhali. Ni zeoliti. Ni jiwe langu la kazini."

"Umenipaka jiwe?"

"Umejipaka mwenyewe, mama."

Maneno yalinitoka kabla sijayazuia. Alinitazama, kisha akacheka mpaka bakuli likayumba.

"Kumbe una mdomo! Miezi yote hii unaishi humu kama paka wa jirani, kumbe una mdomo!"

Nilimmiminia maji, akanawa. Ngozi haikuwa na kitu. Lakini aliacha kiganja chake pale shavuni.

"Haikuunguza," alisema polepole. "Ilikuwa na joto tu. Kama mkono wa mtu. Tangu Jaime aondoke, hakuna aliyenishika shavu."

Nikamweleza habari za jiwe, maana hizo naziweza. Nilimwambia linatoka kwetu kaskazini, kwamba zamani majivu ya volkano yaliangukia kwenye maziwa ya magadi, na taratibu yakageuka kuwa hili. Kwa macho unaliona gumu, lakini ndani atomu zake zimeshikana zikajenga vyumba vidogo sana, na vijia vya kutoka chumba hadi chumba. Maji hukaa humo. Chumvichumvi nazo hukaa humo na kupishana. Moja ikiingia, nyingine hutoka.

"Ukilichanganya na mbolea kwenye mchanga wetu huu," nilisema, "hushika chakula cha mkorosho ili mvua isikisombe chote. Baadaye hukitoa kidogokidogo."

"Kwa hiyo ni nyumba ya kupanga."

"Ni kama hivyo."

"Na wewe kila asubuhi unawafukuza wapangaji kwa kikaango!"

Nilicheka. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kucheka uani pale.

"Nafukuza maji tu, mama."

"Na nyumba haianguki?"

"Haianguki. Yapo mawe mengine ukiyatoa maji yake kwa moto, umbo la ndani linabomoka. Hili linabaki limesimama vilevile, ila vyumba ni vitupu."

Alitazama milango iliyofungwa ya nyumba yake, mmoja baada ya mwingine.

"Na maji yakirudi?"

"Linayapokea. Ndipo linapotoa lile joto ulilolisikia."

Alichovya kidole kwenye uji uliobaki bakulini, lakini ulikuwa umeshapoa.

Simu yangu ikaanza kuita mfukoni. Isaya.

"Pokea," alisema Mama Marlene. "Usimngojeshe mkubwa wako."

"Leo kuna sherehe, mama? Huo msiro ulikuwa wa nini?"

Alijishughulisha na kufuta kingo za bakuli kwa pindo la khanga. Simu ikakatika, ikaanza tena.

"Si ulisema leo ndiyo unatoa jibu lako," alisema bila kuniangalia. "Nikasema, mtoto wa watu anaondoka, ameniona siku zote na khanga ya kufulia. Acha angalau anikumbuke nikiwa nimependeza."

Nilibonyeza simu, nikaiweka sikioni. Nilimsikia Isaya akisema, "Haya Witness, tumeamuaje?" Jibu fupi lilikuwa tayari limekaa kwenye ulimi kama kawaida yake.

"Mkuu, nisubiri kidogo," nilisema, nikaishusha simu.

"Mama," nilisema. "Sitaki kuondoka. Hata Jumapili sikutaka. Nilikuwa nangoja uniambie nikae. Nataka kubaki hapa, kwako."