Ufunguo wa Tangi

Nasimiyu alikataa kukaa kwenye benchi la wateja. Alichukua debe tupu la mafuta, akaligeuza, akalikalia hatua moja tu kutoka kwenye boneti ya pikapu yake, macho yakifuata mikono ya mzee Balwant kama mtu anayelinda maziwa jikoni. Fundi wa Nairobi hageuziwi mgongo. Ukienda kunywa chai, gari lililoingia na betri mpya linatoka na betri iliyokufa. Yalishamkuta hayo kwa fundi mwingine, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Hata mimi huniamini, mama?" Balwant aliuliza, kilemba chake kikiwa kimeinamia injini. Alikuwa na gereji hiyo ya Ngara tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na ndiye aliyekuwa akilitengeneza gari hili enzi za Baba Ivyne, marehemu mume wa Nasimiyu.

"Nakuamini, mzee. Naangalia tu."

Kuangalia tu! Majuma matatu nyuma alikuwa amenunua chupa ya rangi nyekundu ya kucha, akapaka tone moja moja kwenye kila kitu kinachoweza kubebwa: betri, kabureta, pampu ya mafuta, hata taa. Kitu kikibadilishwa, tone halipo, mwizi kashikwa. Watu wa mjini wanafanya hivyo na wala si ujinga.

Tena mwizi mwenyewe alikuwa na jina tayari. Ni Were, shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyeendesha pikapu hiyo miaka sita akipeleka miche, mbolea na nyasi kutoka kitalu chao cha Mutuini hadi kwenye nyumba za matajiri wa Lavington. Ni Were huyohuyo aliyeshika usukani siku walipompeleka Baba Ivyne Bungoma kuzikwa, na hakulia hata mara moja njiani, kwa sababu alisema akilia hataiona barabara. Nasimiyu alilikumbuka hilo, akalisukuma kando. Shukrani ni shukrani, na mafuta ni mafuta.

Maana mafuta yalikuwa yanakwisha upesi mno. Nasimiyu alitazama mshale wa tangi ukishuka, akamtazama Were, akakumbuka kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Akanunua kifuniko cha tangi chenye kufuli, akakipaka rangi yake kama vitu vingine, ufunguo akauvaa shingoni kwa uzi, ndani ya gauni. Mafuta yaliendelea kukwisha vilevile. Mtu mwingine angejiuliza. Yeye aliamua kwamba Were amechonga ufunguo wa pili.

Halafu gari likaanza kuzima. Linawaka vizuri, linatembea vizuri, ila ukikanyaga mafuta ulipite gari jingine au upande mlima, linakohoa na kufa. Jumatatu lilizima mara tatu Lavington, limejaa nyasi, magari ya wenyewe yakipiga honi nyuma, mpaka walinzi wa mageti wakatoka kusukuma. Jioni hiyo Were alirudi kitaluni, akasimama mbele ya wafanyakazi wote na kunyoosha mkono.

"Shemeji, hebu nipe ufunguo wa tangi kidogo. Kuna kitu nataka kujaribu."

Ndipo Nasimiyu alipolipuka. Alimwita mwizi, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Alisema ameuza pampu akaweka mbovu, na sasa anataka na mafuta yaliyobaki. Were aliweka ufunguo wa gari juu ya ndoo ya mbolea na kuondoka, na leo asubuhi Becky wa pale kitaluni alikuwa amemwambia Nasimiyu kwamba shemeji yake amefunga virago, anapanda basi la Bungoma la saa nane mchana.

Sasa ilikuwa saa sita, na Nasimiyu alitaka kitu kimoja tu: kujua Were ameiba nini, ili aende zake na dhamiri isimsumbue yeye aliyemfukuza.

"Anza na pampu, mzee."

Balwant aliifuta kwa kitambaa. Tone jekundu lilikuwa pale pale.

"Labda kabureta."

Tone lilikuwepo. Balwant akachomoa plagi moja baada ya nyingine, akazinusa, akazirudisha. Akatazama kichujio cha mafuta, kilikuwa safi. Hakuna kilichobadilishwa, hata boliti. Ungedhani Nasimiyu angefurahi. La, alikasirika, kama mtu aliyefumania nyumba na kukuta watu wanasali.

"Basi ni mjanja kuliko nilivyodhani," alisema.

Balwant akachomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta na kuutumbukiza ndani ya chupa. "Piga stata." Mafuta yalitoka kwa nguvu, yakapungua, yakawa machozi, yakakoma. Pampu ilikuwa ikihangaika bila kupata kitu.

"Tangi iko na mafuta?"

"Nimejaza juzi, kwa mkono wangu!"

"Gari ikizima, ukingoja dakika kumi inawaka?"

"Inawaka."

"Halafu ukikanyaga tena?"

"Inakufa."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu hivi."

Mzee alizunguka taratibu hadi ubavuni mwa pikapu, akasimama mbele ya kile kifuniko chenye kufuli. Akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo ya tangi, mama. Kuna kitu nataka kujaribu."

Nasimiyu aliushika ufunguo kifuani, juu ya gauni. Jambo la kwanza lililomjia, Mungu amsamehe, ni kwamba hawa wawili wamepanga. Jambo la pili lilimjia polepole na halikuwa na utamu wowote. Maneno yalikuwa yale yale. Mkono ulikuwa umenyooshwa vile vile.

Akautoa.

Balwant alizungusha kufuli na kuvuta. *Fsssss*, tangi likavuta pumzi ndefu. Nasimiyu aliijua sauti hiyo. Alikuwa akiisikia kila akijaza mafuta na ikimpendeza sana, akidhani ndivyo kifuniko kizuri kinavyobana. Mzee akarudisha mpira mahali pake, akamwambia awashe na akanyage. Injini ilinguruma hadi njiwa wakaruka paani. Akakanyaga tena. Hata chafya haikupiga.

"Tangi lazima ipumue," Balwant alisema. "Mafuta ikitoka, hewa iingie. Hewa ikikosa, pampu inavuta mpaka inashindwa. Ndiyo maana kifuniko iko na tundu." Akakigeuza kifuniko na kumwonyesha upande wa ndani. Pale penye tundu dogo kama la sindano palikuwa na tone la rangi ya kucha, jekundu, lililokauka vizuri.

Nasimiyu alikuwa amelipaka ndani makusudi, mwizi asilione.

Aliona aibu iliyompanda kutoka miguuni. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na mafuta yalikuwa yanaliwa na uzito wa mbolea na milima na foleni. Were alikuwa ameshajua. Aliomba dakika moja ya kujaribu, naye akampa jina la mwizi. Balwant alizibua tundu kwa pini, na Nasimiyu akaondoka na pikapu, hata risiti hakuichukua.

Alimkuta Were kwenye stendi ya mabasi, ameketi juu ya begi lake katikati ya abiria, amevaa shati la kwenda kanisani.

"Ilikuwa tundu?" Were aliuliza, kabla hata hajasalimiwa.

"Ilikuwa tundu."

"Nilidhani hivyo."

"Rudi, Were. Nimekosa. Chukua ufunguo wa tangi, nimekuletea." Alikuwa amekwisha kuuvua shingoni.

Were aliutazama tu. "Uliniita mwizi mbele ya wafanyakazi wote, shemeji. Hapa unaniomba msamaha wao hawapo."

Nasimiyu alikuwa mwanamke mwenye kiburi, hilo kila mtu Mutuini analijua. Akatoa simu, akampigia Becky, akaweka sauti kubwa, abiria nao wakageuka kusikiliza.

"Becky, ita wafanyakazi wote, Mwendwa pia. Mnasikia? Were hakuiba kitu. Gari niliharibu mimi na rangi yangu. Nilimsingizia."

Upande wa pili mtu alikohoa. Were aliinuka, akarusha begi nyuma ya pikapu, akaketi kwenye usukani. Nasimiyu alimnyooshea tena ufunguo kupitia dirishani, machozi yakimtoka.

"Huo kaa nao," Were alisema. "Nitakuwa nakuomba kila asubuhi, mbele yao kitaluni. Nataka wakuone ukinipa."