Jirani wa Mkono wa Kulia

Geesje Wolbers alipoolewa na Toon Hesselink, ambaye ni Mkatoliki, baba yake alisema mguu wake hautakanyaga nyumba ile, kisha akaendelea kula viazi vyake. Hakupaza sauti. Mji wa Enschede wakati huo ndivyo ulivyokuwa: Waprotestanti na mwokaji wao wa mikate, Wakatoliki na wao, hata mbuzi wa maziwa mtu hamnunui kabla ya kuuliza mwenyewe anasali wapi. Kiwandani tu ndiko walikochanganyika. Geesje alikuwa mfumaji, Toon akileta nyuzi, na kwa kuwa mitambo ile ilipiga kelele za kuziba masikio, wafumaji wote walizungumza kwa kusomana midomo. Ndiyo maana uchumba wao hakuna aliyeusikia.

Mwaka wa tatu wa ndoa mama yake Geesje akafariki. Kiwanda, ambacho ndicho chenye nyumba, kikamwambia baba yake, mzee Berend, aiache nyumba kubwa, kuna watu wana watoto wanane, kikampa nyingine ndogo. Ilikuwa mkono wa kulia wa mlango wa Geesje.

"Atakataa," Toon alisema, akimchungulia mzee akishusha kitanda kwenye mkokoteni.

"Akatae aende wapi? Watu wanalala kwenye mabanda ya kuku."

Geesje alikuwa na mimba kubwa. Aliketi polepole. Kwao, jirani wa mkono wa kulia si mtu wa kusalimiana naye tu. Ukizaa, yeye ndiye anayekwenda kumwita mkunga. Ukifa, yeye ndiye anayepita nyumba kwa nyumba kutangaza. Hilo halitazami dini wala ugomvi.

Jioni mlango ukagongwa. Mzee Berend alisimama nje, kofia mkononi, viatu vikiwa nyuma kabisa ya kizingiti.

"Naitwa Wolbers. Nimehamia hapo. Jumamosi majirani karibuni kinywaji kwangu."

"Baba mkwe, mimi nakufahamu," Toon alisema.

"Mkwe simjui. Nimekuja kama jirani. Mwambie na Bi. Hesselink."

Bi. Hesselink alikuwa nyuma ya mumewe, tumbo likigusa ukuta. Jumamosi walikwenda. Alikalia kiti cha marehemu mama yake, akapewa maji ya zabibu kwa heshima kama mgeni wa kutoka mbali.

Uchungu ulipoanza, mzee alipanda baiskeli kwenye mvua akamleta mkunga. Mtoto akazaliwa mchana, msichana.

"Kuna mzee hapo nje analowa," mkunga alisema.

"Mwambie aingie," Geesje alisema.

Mkunga akaenda, akarudi. "Anasema kazi yake imeisha."

Geesje akageukia ukutani. Alijua bado kazi moja. Mtoto akizaliwa, majirani huleta mkate wa zabibu, mrefu kuliko mtu, umelazwa juu ya ngazi inayobebwa na watu wawili, na jirani wa kulia ndiye anayebeba mbele. Mkate huo hauachwi mlangoni. Huingizwa ndani na kukatwa karibu na kitanda cha mtoto.

"Asipouleta, basi sina baba tena," alimwambia Toon. "Nitajua."

Wiki mbili baadaye wakaja. Mzee Berend mbele, nyuma Nijhuis, jirani wa kushoto, na kati yao mkate umelala kwenye ngazi kama mgonjwa. Geesje alitambua ukoko wake: wa mwokaji wa Wakatoliki. Baba yake hajawahi kuingia duka lile.

Penye kizingiti ngazi ikasimama.

"Berend, mikono inakatika," Nijhuis alisema. "Tugeuze, nitangulie mimi."

"Wa kulia hubeba mbele."

"Basi beba."

Mzee aliutazama ujia mwembamba wa kuingilia ndani. "Nilisema baba yake hataingia," alisema. "Hajaingia." Akaingia.

Waliweka mkate mezani, ukazidi meza huku na huku. Mzee akakata ncha, akatafuna.

"Zabibu chache."

"Zipo katikati," Toon alisema.

"Kwa mwokaji wetu zipo hadi nchani."

Akafuta kisu, akavaa kofia. Kitandani hakutupa jicho hata kidogo. Geesje aliona mlango unavyomngoja, akachukua bakuli la siagi.

"Jirani," alisema, "mikono yangu ina siagi. Nishikie mtoto."

Jirani akiombwa msaada hawezi kukataa, hata Nijhuis aliacha kutafuna kuangalia. Mzee akavua kofia tena, akamwinua mtoto kitandani, akamweka kifuani vilevile alivyokuwa amebeba ngazi.

"Anaitwa nani?"

"Zwaantje. Jina la marehemu mama."

Mzee akakaa.

Geesje akaanza kupaka siagi, kipande kimoja kimoja, hadi kwenye pembe, kama alivyofundishwa nyumbani. Mkate ulikuwa mrefu, naye hakuwa na haraka.