Shingo ya Nolwenn

Nolwenn alikuwa ameambiwa atarajie mlio mmoja tu. "Ko! Basi," Armelle, mama mkwe wake, alimwambia njiani. "Shingo inarudi mahali pake, nasi tunarudi kwa chaza wetu. Wateja wa Krismasi hawamngoji mtu."

Sasa Armelle, mwenye banda la chaza, alikuwa ameketi pembeni mwa chumba cha osteopathi, huku Nolwenn amesimama amebaki na nguo za ndani tu mbele ya mwanamume asiyemjua, hajui mikono aiweke wapi.

"Vidole vinakufa ganzi?" aliuliza Gwendal, mnyoosha viungo huyo.

"Kidogo. Ni baridi ya maji."

"Ulianguka hivi karibuni?"

"Hapana."

Jibu lilimtoka upesi mno. Juma lililopita alikuwa amepanda tela lililopakiwa magunia ya chaza, akateleza, akaangukia kisogo. Armelle alikuwa ameapa mbele ya wafanyakazi wote kwamba atakayepanda tela lenye mzigo hatagusa tena chaza wake.

Gwendal akauliza habari za meno, za uzazi, za usingizi.

"Wewe daktari, unanyoosha shingo au unaposa?" Armelle akadakia.

"Mimi si daktari, mama. Na bila majibu sigusi shingo ya mtu."

Nolwenn akalala chali. Viganja vyenye joto vikakipokea kichwa chake kwa uangalifu, kana kwamba vinapokea bakuli lililojaa pomoni. Alitamani kuinuka akimbie. Alitamani pia mlio usikike upesi, yaishe. Vidole vikapapasa polepole, vikakoma. Maumivu yakamchoma hadi kiganjani.

"Hapa pananitia shaka," alisema Gwendal. "Kweli hukuanguka?"

Nolwenn alihisi macho ya mama mkwe wake hata bila kuyaona. Kazi ile ya chaza ndiyo pekee aliyoijua tangu aolewe. Lakini vidole vyake havikuwa na baridi yoyote humu ndani, na ganzi ilikuwa palepale.

"Nilianguka," akasema. "Kutoka juu ya tela."

Gwendal hakuondoa mikono. "Usitikisike hata kidogo. Leo hakuna kunyoosha. Hospitali wapige picha kwanza." Akakikinga kichwa cha Nolwenn kwa taulo huku na huku, kisha akaita gari la wagonjwa.

Armelle alikuwa amekwisha kusimama. "Juma zima! Umebeba magunia na shingo hiyo, mkaidi we!"

"Uliapa, mama."

"Niliapa ili usife! Nani alikwambia ufe kimyakimya?"

Nolwenn akauliza, "Na kiapo chenyewe?"

"Kipo palepale. Chaza huwagusi." Armelle akaushika mkono wake, akaviminya vidole kimoja kimoja, akiuliza kila mara kama anahisi. "Huwagusi mpaka niione hiyo picha kwa macho yangu. Na hiki? Unakihisi hiki?"

"Kidogo," alisema Nolwenn, macho yake darini. Safari hii hakusingizia baridi ya maji.