Siki Iliyoganda

Asubuhi ile ya Julai chupa ya asidi ya siki ilikuwa imeganda tena. Kalista aliiinamisha upande huu, akaiinamisha upande ule, wala asidi haikutikisika. Ilijikalia ndani ya kioo, nyeupe kama samli ya baridi. Kwao Ubaruku, kwenye joto la mashamba ya mpunga, isingethubutu. Lakini Mbeya ni Mbeya, na baridi yake haimwonei mtu haya.

Studio ya picha ilikuwa ya mumewe, Faustin, aliyefariki kwa nimonia mwezi wa tatu wa mwaka huohuo, mwaka wa vita. Alikuwa amepiga picha nusu ya mji: maharusi, watoto wa kipaimara, wazee waliokataa kutabasamu. Yeye mwenyewe hakuna aliyempiga picha. Kalista alipomsihi akae kwenye kiti, alijibu kwamba filamu ni ya wateja. Sasa Kalista alikuwa ameanza kusahau pua yake ilivyokaa, na hilo lilimtia hofu kuliko kulala peke yake.

Jana yake alikuwa amekuja mama mmoja wa milimani, Damari, miguu imejaa vumbi. Mwanawe Isakwisa alipigwa picha hapo siku moja kabla ya kwenda vitani, na hakurudi kuichukua.

"Wenzake wameanza kurudi," alisema. "Mimi nimeletewa salamu za rambirambi. Sura yake sina, binti yangu. Hata iliyo ndogo."

Kalista aliitafuta negativu, kile kipande cha filamu chenye picha ile, akaiinua dirishani. Siku ile umeme ulikuwa umekatika, basi Faustin akamtoa kijana nje, yeye mwenyewe akalipa mgongo jua la jioni. Ndiyo maana pale chini, kwenye vumbi, kililala kivuli cha mpigapicha: mabega, viwiko vilivyoinuliwa, na kichwa kilichofika hadi juu ya buti za kijana, kimeinama kidogo kulia. Kalista alikujua kuinama kule. Alikaa chini palepale.

Tabu ni kwamba karatasi ya picha ilibaki moja, na madukani hazikuonekana tangu vita vianze. Faustin alikuwa na desturi ya kumkuza mteja na kukiacha nje kivuli. Alisema mteja hakuja kununua kivuli cha fundi. Kalista akifuata desturi, Damari angepata uso wa mwanawe, mkubwa na wazi, na Faustin angebaki gizani. Akiichapa negativu nzima, uso wa kijana ungekuwa mdogo kama punje ya hindi.

Kwanza asidi. Picha isiposimamishwa kwa siki ile huendelea kuwa nyeusi, na karatasi haikuwa na mwenzake. Kwa haraka zake alikwisha kuisogeza chupa kwenye jiko la mkaa, ndipo akakumbuka mumewe alivyokuwa akifoka: mvuke wake unashika moto, kioo kinapasuka, macho hayanunuliwi. Akalitoa jiko nje. Akafungua dirisha, akaisimamisha chupa kwenye karai la maji ya uvuguvugu, akangoja.

Barafu iliachana na kioo taratibu. Alipofungua kifuniko, harufu ilimpiga usoni, na Faustin alikuwa chumbani. Kila jioni alikuwa akija kulala na harufu hiyo vidoleni, na Kalista akimtania kwamba yeye ameolewa na achari. Tangu mazishi hakuwa ameifungua chupa ile. Alilia. Alijiambia ni mvuke, na mvuke haukubisha.

Alimimina asidi kidogo ndani ya maji mengi, kamwe si maji ndani ya asidi, kama alivyofundishwa. Tone moja lilimwangukia kifundoni mwa mkono. Halikuuma, basi akachelewa kulisuuza.

Ndani ya chumba cha giza aliipandisha mashine ya kukuzia, akamtoa mumewe nje ya picha. Akaishusha, akamrudisha. Akamtoa tena. Mwishowe alimrudisha, akawasha taa ya kuchapia, na jambo likawa limekwisha.

Damari aliporudi alasiri, Kalista alikuwa na mkasi mkononi na aibu usoni. Yule mama aliipeleka picha mlangoni kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu aliyelala chini ni nani?"

"Mume wangu, mama. Nisamehe. Nitamkata sasa hivi."

"Utakata wapi? Kichwa chake kiko kwenye miguu ya mwanangu." Damari aliushika mkasi, akauweka kando. "Miguu hiyo ndiyo niliyoomba irudi. Iache."

Kisha akamgeukia Kalista.

"Wewe unayo nyingine ya mumeo?"

"Sina."

"Basi hawa wawili tupokezane; nianze nao mimi. Mvua zikianza nitakuletea picha, wakae na wewe." Kisha akautazama mkono wa Kalista, ambapo ngozi ilikuwa imetutumka malengelenge meupe. "Na hapo umefanyaje?"

"Asidi, mama. Haiumi mara moja."

"Ndiyo," alisema Damari. "Haiumi mara moja."

Akaifunga picha ndani ya kanga, akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," akaondoka. Kalista alimsindikiza kwa macho mpaka kona ya barabara. Mvua zilikuwa mbali bado.

Alirudi ndani. Chupa rafuni ilikuwa imeanza kuwa nyeupe pembeni. Aliikaza kifuniko, akaketi kwenye kiti cha wateja na kuinua vidole vyake puani. Sabuni ilikuwa palepale kando ya beseni, na aliiacha.