Mkwe Kwenye Mlango wa Mwisho

Mimi naogopa ndege. Nalisema mapema, maana watu wakiona sare na tabasamu hudhani mhudumu wa ndege kazaliwa mawinguni. Zile ndogo nilishazizoea. Hii mpya, yenye njia mbili katikati ya viti na mkia uliopita mnara wa kanisa letu la Kongwa kwa urefu, ilinirudisha kwenye woga wa siku ya kwanza kazini.

Ndege kubwa hainunuliwi leo ikapakia watu kesho. Kwanza hurushwa bila abiria wa tiketi, wakaguzi wakiwa ndani, waone kama marubani wanaijua na kama wahudumu wanaweza kuwatoa watu wakati wa hatari. Mazoezi ya mlango tulifanya mpaka nikawa naufungua usingizini, mke wangu Angelina akila viwiko. Mkufunzi wetu, Generosa, hakuwa na mzaha. "Abiria akisita mlangoni, msukume," alikuwa akisema. "Awe waziri, awe mama yako mzazi. Mlangoni hakuna mheshimiwa."

Mama mkwe hakumtaja.

Kwa safari ya majaribio kutoka Dar kwenda uwanja mpya wa Msalato, kampuni iliomba ndugu wa wafanyakazi wajaze viti. Nafasi yetu ilikuwa ya Angelina. Asubuhi ile akaamua, bila kuniuliza, kumpa mama yake, bibi Tereza, aliyekuwa amekuja kumwona mjukuu na sasa anarudi Kongwa. Mama mwenyewe alitaka treni. Angelina akamwambia treni ataipanda hata uzeeni, kana kwamba uzee bado haujafika.

Nilimwona akipanda ngazi na moyo ukanilipuka. Kwetu sisi Wagogo wa zamani, na nyumba ya mke wangu ni ya zamani kwelikweli, mwanamume hampi mkono mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hamsemeshi ila kwa kupitia mtu. Tangu nimwoe Angelina sijawahi kumwambia mama yake hata neno "karibu". Wenzangu mjini hunicheka. Wacheke, lakini hawajui heshima ile ilivyoniingia kwenye damu.

Na sasa sikia balaa lenyewe. Mlango wangu ulikuwa wa mwisho kushoto. Kiti cha mhudumu pale hutazamana na abiria wa safu ya mbele yake, magoti kwa magoti. Mtu aliyekuja kuketishwa mbele yangu alikuwa mama mkwe.

Alijifunika kitenge uso mzima. Mimi nikakodolea dari macho. Gladness, mhudumu wa mlango wa kulia, Mchaga asiye na haya, alikuwa akijibana asicheke.

"Gladness, mwambie mama afunge mkanda," nikasema.

"Mama, mkwe wako anasema ufunge mkanda."

"Mwambie huyo mkwe nimeshafunga," ikajibu sauti ndani ya kitenge.

Safari nzima ilikwenda hivyo. Mkaguzi, bwana Octavian, alikuwa ameketi nyuma ya mama na saa yake ya kupimia mkononi, akituangalia kama mwalimu wa zamu. Tulijua kwamba wakati wowote angeweza kutangaza dharura ya uongo. Abiria nao waliambiwa. Kila ndege ilipotikisika, nilidhani ndiyo hiyo inaanza. Nikawa naomba kimyakimya: Mungu wangu, zoezi lije, lakini si kwenye mlango huu.

Tulishuka juu ya mashamba ya zabibu na ardhi nyekundu. Magurudumu yalipiga chini kwa kishindo, breki zikalia, zikaendelea kulia kuliko nilivyowahi kusikia. Ndege ikasimama katikati ya njia. Harufu ya mpira unaoungua ikapenya ndani. Kisha ikaja sauti ya rubani, fupi na kavu: "Tokeni! Tokeni!"

Zoezi, nikajiambia. Gladness akachungulia dirisha lake, akageuka na kuuziba mlango wake kwa mikono miwili iliyotanuliwa. "Huku hapafai! Nendeni kule!" Hata hilo tulilifanyia mazoezi, maana wakaguzi hupenda kuziba milango. Moshi mwembamba ukaanza kutambaa darini. Moshi nao tulishafukiziwa darasani. Nikachungulia nje upande wangu, nikaona pako salama, nikavuta mpini. Mlango ukafunguka na mtelezo wa mpira ukajaa hewa mpaka chini. Kwa mara ya kwanza siku ile nilijiona mwanamume.

"Acheni mizigo! Njooni huku!"

Wa kwanza kufika alikuwa mama mkwe.

Alifika, akaniona nimeushika ukingo wa mlango, akasimama. Ili apite ilimpasa anipitie ubavuni, nguo kwa nguo. Akarudi nyuma hatua moja, akageuka kwenda upande wa Gladness, kwenye mlango usiofaa. Watu waliokuwa nyuma yake wakamgonga, njia ikaziba, kelele zikapanda.

Na mimi, mtu mzima niliyefundishwa nikafuzu, unajua nilifanya nini? Nikapiga kelele: "Gladness! Mwambie mama aruke!"

Gladness hakusikia. Mwanamke mmoja alikuwa anakohoa vibaya. Mikono yangu ilikuwa hewani karibu na mabega ya mama, na haikushuka. Ni zoezi tu, nikajiambia. Gladness atakuja. Siwezi kumvunjia heshima mama wa watu kwa ajili ya zoezi.

Ndipo nikamwona bwana Octavian. Saa yake imeanguka, macho yamemtoka, na mkono wake wa kulia unapiga ishara ya msalaba. Mkaguzi hapigi ishara ya msalaba kwenye zoezi lake mwenyewe.

Hofu iliyonipata hapo sina jina lake. Kwenye madirisha ya kulia, nyuma ya Gladness, palikuwa na rangi ya machungwa inayochezacheza. Nikamshika mama mkwe mabega, nikamgeuza, nikamtazama usoni, kitenge kikiwa kimemwanguka, nikamfokea: "Ruka!" Kisha nikaweka viganja viwili mgongoni mwake na kumsukuma kwa nguvu zangu zote.

Alikwenda bila kupiga kelele. Nyuma yake watu wakamiminika. Nilifoka na kusukuma mpaka sauti ikaniisha, mpaka Gladness akanivuta shati kwamba hakuna aliyebaki. Nasi tukaruka.

Magari ya zimamoto yaliuzima moto, ulioanzia kwenye breki za magurudumu ya kulia. Watu wote walitoka. Wengine walichubuka, na ndege ile haikubeba abiria wa tiketi kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye nyasi pamoja na Gladness.

Mama Tereza alikuwa ameketi chini, kichwa wazi, kiwiko kinavuja damu. Nikampitia mbali, nimeinamisha uso.

"Elisha."

Hakuwahi kunitaja jina. Nikasimama.

"Ulikuwa unangoja nini pale?"

Alikuwa ananitazama machoni. Nikatafuta uongo, nikaukosa. "Nilikuwa nakuheshimu, mama."

"Na wale waliokuwa nyuma yangu?"

Alinitazama mpaka machozi yakanitoka mbele yake. Kisha akavua khanga ya kiunoni, akajifunika kichwa na uso taratibu, akanigeuzia mgongo.

"Gladness," akasema, "mwambie mkwe wangu naomba maji."

Nikaleta chupa. Nikampa Gladness, naye akampa.