"Na" Badala ya "Au"

Kazini walimwita Darubini, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na saba kazi yake katika kiwanda cha uchapaji cha serikali ilikuwa kusoma sheria zilizopitishwa na bunge kabla hazijachapwa, na alijigamba mbele za watu kwamba nukta ya kumponyoka haijazaliwa. Mcheza kwao hutunzwa, lakini mjivuni naye zamu yake hufika.

Zamu yake ilifika Jumatatu, akiwa amekaa kando ya cherehani ya dada yake. Dada alikuwa amejenga maduka manne ya matofali kando ya barabara kuu, kwenye kiwanja cha kukodi. Moja alishonea mwenyewe, matatu alipangisha. Sasa barabara ilikuwa inapanuliwa, na asubuhi hiyo barua ya kuvunja ilikuwa imefika.

"Nisomee," Dada alisema. "Mimi na herufi tulikosana zamani, unajua."

Darubini alijua sana. Dada aliacha shule darasa la tatu akaenda kupinda nguo za watu, ili mdogo wake asome. Basi akasoma: "Atakayelipwa fidia na kupewa eneo jingine ni mwenye hati ya ardhi na leseni ya biashara."

Dada akapiga makofi. "Leseni si ile pale ukutani? Tumepona!"

"Dada, imesema 'na'."

"Ndiyo, na leseni. Ninayo."

"Mteja akikuletea kitambaa bila vipimo, unashona?"

"Nitamshoneaje? Lazima vyote viwili."

"Basi ndivyo inavyotaka. Leseni unayo, hati huna. Hawakulipi kitu."

Uso wa Dada ulibadilika. Alivuta kigoda akaketi. "Mbona redioni mbunge alisema chochote kati ya hivyo kinatosha?"

"Bunge lilipitisha 'au'."

"Sasa 'na' kaiweka nani?"

Darubini alitamani ardhi ipasuke immeze. Wiki iliyopita, aliposikia watu wa barabarani wananyimwa fidia, alifungua jalada. Nakala yenye muhuri wa bunge ilisema "au". Mpiga chapa alikuwa ameandika "na", na chini ya ukurasa ule, kwa wino wa bluu, ilikaa sahihi ya aliyeusoma na kuupitisha. Ilikuwa sahihi yake. Alipompelekea mkuu wake jalada hilo, mkuu alifunga mlango kwanza. "Sheria ikishatoka imetoka," alimwambia. "Na ukienda kuuliza, utaulizwa wewe." Kweli tupu. Kwa kosa kama hilo mtu hufukuzwa bila hata kiinua mgongo. Siku nne alikaa kimya, na aibu ikamla siku zote nne.

"Mpiga chapa alikosea," alisema. "Lakini kusoma ni kazi yangu. Ukurasa ule niliupitisha mimi, Dada."

Dada hakupiga kelele, na heri angepiga. Aliuliza taratibu, kama mtu anayemtafutia mwenzake pa kujificha, "Siku hiyo ulikuwa unaumwa?"

"Hapana."

"Umefiwa?"

"Ilikuwa Ijumaa ile ulipoezeka. Uliniambia nisichelewe, mafundi wanapandisha bati la mwisho. Kurasa kumi za mwisho nilizipitia nimeshabeba mkoba."

Dada akatazama juu. Mabati yalikuwa mapya bado, yanang'aa. Siku ile Darubini ndiye aliyepiga kigelegele kuliko wote.

Darubini akatoa bahasha mkobani. "Nimemwandikia katibu wa bunge. Nimekiri, nimeambatanisha nakala yenye muhuri. Kesho naipeleka. Wakirekebisha kabla hawajavunja, utalipwa. Mimi kazi ndiyo basi tena."

Mteja alichungulia, Dada akamwambia arudi baadaye. Kisha akainuka, akachukua mkoba begani kwa mdogo wake na kuutundika kwenye msumari, chini ya leseni.

"Nisomee hiyo barua yako yote," alisema. "Na leo usiwe na haraka."