Ufagio wa Mfalme Tausi

Katika milki ya Mfalme Tausi sheria zilikuwa nyingi, lakini iliyoheshimiwa ni moja tu: Mfalme hakanyagi mahali pasipofagiwa. Wafagiaji walikuwa na wizara yao kamili. Bahari haikuwa na wizara, ingawa kila mwaka ilizidi kula vilima vya mchanga vilivyoukinga mji.

Bi Kaa, aliyeishi na wanawe nyuma tu ya vilima hivyo, alichoka kuingoja serikali. Akawakusanya majirani, wakapanda mlakasa, ule mmea wa pwani unaotambaa na kuushika mchanga. Hakuna aliyewaambia hata ahsante. Misimu miwili baadaye vilima vilianza kunenepa.

Sifa zikafika ikulu, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Barazani, Waziri Kunguru aliinama hadi mdomo ukagusa zulia.

"Mtukufu, vilima vyako vimestawi kwa hekima yako. Nenda ukavizindue."

"Kwani nilivipanda lini?" Tausi akauliza.

"Ulipokuwa unawaza, Mtukufu."

Tausi aliwaza kwa nadra sana, kwa hiyo hakuona sababu ya kubisha.

Asubuhi ya sherehe wafagiaji walitangulia. Wakang'oa mlakasa katikati ya vilima, wakausawazisha mchanga, wakafungua barabara pana kutoka ufukweni hadi mlango wa ikulu.

"Jamani, mnang'oa kinga yetu!" Bi Kaa alilia, akiinua magando kuwazuia.

"Sasa mama, magugu haya Mfalme atayakanyagaje?" mfagiaji mmoja alimjibu. "Mtu anakuja kuwashukuru, nyie mnaleta ubishi!"

Mfalme akaja, akashukuru, akapigiwa makofi na wafagiaji wake.

Bamvua lililofuata, bahari ilipojaa kupita kawaida, halikubisha hodi. Maji yalishika barabara ileile, yakaifuta nyumba ya Bi Kaa, yakaenda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha enzi. Bi Kaa, wanawe na majirani waliponea kwenye kilima cha pembeni, ambako mlakasa haukuguswa.

Tausi naye akafika hapo chini, manyoya yamelowa hata hawezi kuruka. Kunguru alikuwa amekwisha kupaa kutafuta mfalme mwingine.

"Nipisheni nipande!" Tausi alifoka, maji yakimfika kifuani.

Majirani walimgeukia Bi Kaa. Naye aliinama kwa adabu zote za ikulu.

"Utusamehe, Mtukufu," alisema. "Hapa hapajafagiwa."